Adabu ya Simu ya Biashara kwa Kiingereza: Mhadhara kwa Watu wa Busunzu



Nimeombwa niseme juu ya simu ya biashara kwa Kiingereza: namna ya kuipiga, kuipokea, kuomba, kukataa na kuagana, ili mtu wa upande wa pili akate simu akiwa amekuelewa na akiwa bado anataka kufanya biashara nawe. Kuna atakayeuliza, Kiingereza cha nini Busunzu? Hapa tunasemezana kwa Kiha, sokoni na ofisini tuna Kiswahili, na tukivuka kwenda Burundi hatupotei, maana Kirundi na Kiha ni ndugu. Swali hilo ni la haki. Nalijibu kwanza, kwa sababu asiyeona faida ya jambo hawezi kutoa jasho kulijifunza.

Tazameni tunachouza. Kibondo, wilaya yetu, ina asali ya misitu ya miombo, ina maharage, mahindi na mihogo. Jirani zetu wa Kasulu na Buhigwe wana tangawizi na kahawa. Wakulima wa Kalinzi, kule karibu na Gombe, walishauza kahawa yao kwa Green Mountain Coffee Roasters ya Marekani, na mnunuzi wa namna hiyo haulizi bei kwa Kiha. Tazameni pia kazi za ofisini. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, na Nduta, hapa Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi. Mashirika yaliyokuja na kambi hizo yametangaza kazi na zabuni kwa Kiingereza, na mwombaji kazi mara nyingi amesailiwa kwa simu kabla hajaonwa uso. Nimewaona vijana wenye vyeti vizuri wakipoteza nafasi katika dakika zile chache. Akili walikuwa nazo, na elimu walikuwa nayo. Kilichopungua ni mazoezi ya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Nitoe angalizo moja mapema. Mnunuzi akijua Kiswahili, zungumza naye Kiswahili. Mtu wa Nairobi, wa Bujumbura au wa Bukavu huenda anakijua vizuri, na kumlazimisha Kiingereza ili uonekane msomi ni kumpotezea muda na kujitia hatarini kwenye hesabu. Kiingereza ni cha pale tu kinapohitajika. Lakini pale kinapohitajika, tukiseme barabara.

Adabu ya simu ni suala la biashara tangu simu ilipozaliwa. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu Machi 1876. Miaka miwili baadaye, kampuni ya simu ya Boston ilikuwa na tatizo: wavulana waliowekwa kuwaunganishia wateja mawasiliano walikuwa wakijibu kwa ufidhuli, na wateja wakilalamika. Septemba 1878 akaajiriwa Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo, na sauti yake ya utulivu iliwapendeza wateja mno hata kazi ile ikawa ya wanawake kwa vizazi kadhaa. Hata hii "halo" yetu ina historia. Bell alitaka watu waanze kwa "ahoy", wito wa mabaharia. Thomas Edison ndiye aliyependekeza "hello" mwaka 1877, na dunia ikamfuata yeye.

Kwetu simu ilichelewa kufika. Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, na miaka mingi ilipita kabla minara haijasambaa katika vilima hivi. Ndiyo kusema sisi tuliruka hatua. Hatukupita kwenye simu ya mezani ya ofisini, yenye karani wa mapokezi ambaye kijana angemsikiliza akijibu, akajifunza kwake. Tulitoka kwenye barua tukaingia moja kwa moja kwenye simu ya mfukoni, na tabia zetu za simu tumezichukua kwenye mazungumzo ya nyumbani. Nyumbani zinafaa sana. Kwenye biashara ya Kiingereza kuna mambo ambayo hayafai.

Heshima ya Muha iko mwilini. Mnakutana njiani, mnapeana mikono, mdogo anainama, mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, na hakuna anayetaja shida yake mpaka salamu zimekwisha. Mtu anayeanza na shida tunamwona hana malezi. Sasa ingia kwenye simu: mkono haupo, goti halionekani, uso hauonekani. Ni kama kusemezana na mtu aliye ng'ambo ya mto Malagarasi wakati wa ukungu, mmebaki na sauti peke yake. Sisi tunajaribu kuziba pengo hilo kwa kurefusha salamu. Msemaji wa Kiingereza wa biashara huliziba kwa njia nyingine: hujitaja jina mapema, huuliza kama wakati ni mzuri, hulainisha kitenzi anapoomba, na hurudia alichosikia ili ahakikishe. Huko ndiko heshima yake iliko. Jambo nililokuja kuwaambia leo ni hili: tusiiache heshima yetu nyumbani tunapopiga simu ya Kiingereza, ila tuihamishe kutoka kwenye salamu tuipeleke kwenye sehemu hizo.

Tuanze na mwanzo wa simu. Ukipiga, salimu mara moja, taja jina lako, taja unakotoka, kisha sema shida yako kwa sentensi moja. "Good morning. This is" jina lako, "calling from Kibondo, Tanzania." Akikuuliza "How are you?" jibu ni fupi, "Fine, thank you, and you?" basi. Si ubaridi wa moyo. Kwake salamu ile imekwisha kazi yake, na ukiongeza habari za mvua na za watoto anaanza kuhangaika akijiuliza simu hii ni ya nini. Halafu kuna salamu zinazofuata jua: "Good morning" inakoma saa sita mchana, "Good afternoon" inaanza hapo, jioni ni "Good evening". "Good night" ni ya kuagana tu. Ukimpigia mtu saa mbili usiku ukaanza na "Good night", umemuaga kabla hamjazungumza.

Ukipokea, usingoje mpigaji akubahatishe. Wengi wetu tukiona namba ngeni tunanyamaza, au tunasema "halo, nani?" kwa sauti ya mashaka. Kiswahili chenyewe kina njia nzuri zaidi: "nani mwenzangu?" husema mtu mwenye adabu, au "samahani, naongea na nani?" Kiingereza nacho kina yake. "Who are you?" kwenye simu ni kali, inamgonga mtu usoni. Sema "May I ask who is calling, please?" Ukishajua jina lake, litumie vizuri. Sisi tuna mazoea ya kuunganisha Bwana na jina la kwanza, na kwetu hakuna kosa. Kwa Kiingereza "Mr" na "Ms" huenda na jina la ukoo. Usipolijua jina, "sir" au "madam" inatosha. Na lile neno "my dear" tulilozoea kuwaambia wateja, tuliache kabisa, kwani kwa mnunuzi mgeni linasikika kama mazoea yasiyo na ruhusa.

Sasa kuomba, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapoonekana wakali hali hatujakusudia. Kiswahili kina njia nyingi za kulainisha ombi. Tunasema "naomba", tunasema "nisaidie", tunashusha sauti, tunaongeza "basi" au "kidogo". "Nipe bei" ikisemwa na mwanamke wa sokoni kwa tabasamu haina ukali wowote. Tukiihamisha hivyo hivyo ikawa "Give me the price", tabasamu limebaki Busunzu na amri tupu imefika London. Vivyo hivyo "nataka" ikigeuka "I want". Kiingereza hulainisha kwa kumwachia msikilizaji nafasi ya kukataa: "Could you send me the price list, please?" au "I would like to know your price for beans." Kitenzi kinavaa umbo la wakati uliopita ingawa jambo ni la sasa, na huko kurudi nyuma ndiko adabu. Mkijifunza maneno mawili tu leo, jifunzeni "could" na "would". Lakini msiyarundike. Ombi lenye "please" tatu na "kindly" mbili linachosha, na linamfanya mnunuzi adhani unaomba msaada wakati unamuuzia bidhaa bora. Muuzaji mwenye asali safi hana sababu ya kunyenyekea kupita kiasi.

Upole huo una upande wa pili ambao wafanyabiashara wetu wameumizwa nao. Kama vile wasemaji wa Kiingereza huomba kwa kuzunguka, ndivyo wanavyokataa kwa kuzunguka. Mtu akikuambia "I'm afraid that might be difficult", haogopi chochote wala hasemi kwamba akijitahidi ataweza. Amekataa. Akisema "We'll get back to you", hiyo si ahadi ya kupiga simu Jumatatu. Nimemwona mkulima akihifadhi magunia yake ghalani akingoja simu ya namna hiyo huku bei ya soko ikishuka. Ukisikia maneno hayo, uliza kwa adabu siku yenyewe: "When may I expect your answer?" Akikosa siku ya kukutajia, tafuta mnunuzi mwingine.

Nije kwenye ndiyo na hapana. Mnunuzi anauliza: "Haven't you received the money?" Wewe hujazipata. Kwa Kiswahili ukiulizwa "Hujapata hela?" unajibu "ndiyo", maana yake ndiyo, sijapata, kama unavyosema. Unapeleka "Yes" kwenye simu ile. Kwa Kiingereza umesema umezipata. Mwenzako anafunga jalada, anaandika kwamba mzigo umelipwa, na ugomvi unaanza wiki mbili baadaye huku kila mmoja akimwona mwenzake tapeli. Kinga yake ni rahisi: usijibu kamwe kwa neno moja. Sema sentensi nzima, "No, I have not received it." Mfundisheni kila anayepokea simu ya kikundi hata kama ndiyo sentensi pekee ya Kiingereza atakayoijua.

Nalo neno "sorry". Mtu akituambia kwamba gari lake limekwama, sisi tunasema "pole", na kwa Kiingereza tunakimbilia "sorry". Kati ya marafiki hakuna tatizo. Lakini mnunuzi akisema mzigo umefika umelowa, nawe ukajibu "Oh, sorry, sorry", ameshasikia kwamba umekubali kosa ni lako. Sema "I am sorry to hear that", kisha uliza mzigo ulilowa wapi na lini. Kuna jingine kama hilo: tunapomwacha mtu kwenye simu ili tukamwite mwenzetu tunasema "nakuja", nasi tunaondoka. Ukimwambia "I'm coming", anashangaa unakuja wapi. "One moment, please" inatosha.

Kuhusu saa na hesabu naomba kila mwenye kalamu aandike, kwa sababu hapa fedha zinapotea kwa njia ya kimyakimya.

Saa zetu tunazihesabu kuanzia macheo, na hizo si saa za Kiingereza. "Two o'clock" ya mchana ni saa nane yetu. Akili iliyochoka ikisikia "two" inaandika saa mbili, na lori linangoja kutwa nzima. Ongezeni tofauti ya nchi. Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu saa moja, na simu yako ikishika mtandao wa upande wa pili wa mpaka inaweza kubadilisha saa yenyewe bila kukuarifu. Uingereza wako nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi, na saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa kuwa wao husogeza saa zao. Kwa hiyo miadi yoyote itajwe hivi: "Two p.m., Tanzania time." Tarehe nayo itajwe kwa jina la mwezi. Kwa Mmarekani 4/5 ni Aprili 5. Kwetu ni Mei 4. Sema "the fourth of May", ugomvi umekwisha kabla ya kuanza.

Hesabu yenye hatari zaidi ni ile ya "fifteen" na "fifty", na ndugu zake "thirteen" na "thirty", "sixteen" na "sixty". Kwenye simu inayokatikatika, 15 na 50 zinakaribia kuwa kitu kimoja. Mapipa 15 ya asali na mapipa 50 ni mikataba miwili tofauti kabisa. Taja namba, kisha itaje tena tarakimu moja moja: "Fifty, five zero." Na kumbukeni kwamba Kiingereza chao hakina laki. Laki tatu ni "three hundred thousand". Anayeitafsiri papo hapo bila kuiandika kwanza mara nyingi huangusha sifuri moja. Namba za simu mtazisikia zikisomwa "double five" kwa 55, na sifuri ikiitwa "oh". Wengine, hasa Wamarekani, hawana mazoea ya "double", basi ukizungumza nao taja kila tarakimu peke yake.

Majina pia. Kuna sababu ya kisayansi inayofanya simu ichanganye herufi. Simu ya kawaida imejengwa kupitisha sauti za masafa ya takribani hezi 300 hadi 3,400, na sehemu kubwa ya kinachotofautisha s na f iko juu ya hapo. Inakatwa njiani. Ndiyo maana marubani na mabaharia wana alfabeti ya maneno iliyoanza kutumika kimataifa mwaka 1956, na nawasihi muijifunze, kwa kuwa inafaa biashara vilevile. Busunzu kwa alfabeti hiyo ni Bravo, Uniform, Sierra, Uniform, November, Zulu, Uniform. S yako haiwezi tena kugeuka F, maana F ni Foxtrot. Kisha kuna mtego wa irabu, na huu unatukamata sisi kuliko wengine. Herufi E ya Kiingereza hutamkwa kama i yetu, I yao ni ai, A yao ni ei. Ukimsomea mtu Kibondo kwa herufi za Kiswahili, ukasema i baada ya k, ataandika Kebondo. Mji ukikosewa hivyo barua inaweza bado kufika. Jina la akaunti ya benki likikosewa hivyo, malipo yanaweza kurudishwa. Basi soma jina kwa alfabeti ile, kisha mwombe alisome tena: "Could you read that back to me, please?"

Sentensi hiyo ya mwisho wengine huiogopa. Wanaona kumwomba mtu arudie ni kumdharau, au ni kukiri kwamba hujui Kiingereza. Nataka hofu hiyo ing'olewe hapa leo. Mfanyabiashara wa Kiingereza humheshimu anayehakikisha, na humtilia shaka anayesema "yes, yes" kwa kila kitu. Usiseme "What?" wala "Say again". Sema "I'm sorry, I didn't catch that. Could you speak more slowly, please?" Mwenye lugha yake atapunguza mwendo bila kinyongo. Na mtandao ukisumbua, useme hivyo: "The line is breaking up." Simu ikikatika, aliyepiga ndiye anayepiga tena. Mkipiga wote wawili, kila mmoja atamkuta mwenzake anatumika.

Neno moja kwa wanaobipu. Kwa ndugu na jamaa kubipu kunaeleweka, salio likiisha hakuna wa kumlaumu. Kwa mnunuzi wa nje ni dalili kwamba biashara yako haimudu hata gharama ya dakika moja. Kama huna salio, tuma ujumbe mfupi ulioandikwa, wenye jina lako na shida yako, uombe akupigie saa fulani. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, wa dakika tatu, usimtumie mtu mgeni wa biashara. Anataka kitu anachoweza kukisoma kwa haraka na kukihifadhi.

Kabla ya kupiga, andaa karatasi. Mfano wa asali utafaa, kwa kuwa tunaujua. Mnunuzi makini atakuuliza kiasi ulicho nacho kwa kilo, ilivunwa mwezi gani, imefungwa kwenye nini, bei ni ya shilingi au dola, na inaishia ghalani kwako au bandarini. Atakuuliza pia kiwango cha maji kilichomo. Viwango vya chakula vya kimataifa, vile vya Codex, vinataka maji kwenye asali yasizidi asilimia 20, na kipimo chake ni kifaa kidogo ambacho kikundi kinaweza kununua kwa pamoja. Mtu anayejibu "eighteen per cent, measured last week" kwa Kiingereza cha kukwamakwama atauza kabla ya yule mwenye Kiingereza cha mbio asiyejua asali yake ina nini. Nalisema hili kwa uzito, maana tumezoea kudhani lugha ni kila kitu. Mnunuzi anatafuta mtu wa kumwamini, na neno la uhakika humjengea imani kuliko lafudhi.

Adabu isitufanye mawindo. Matapeli nao wanajua Kiingereza kizuri, na wengine hujitambulisha kama shirika, benki au mnunuzi wa ng'ambo. Hakuna biashara halali inayohitaji namba yako ya siri ya simu ya fedha. Kataa kwa upole na kwa uthabiti: "I'm afraid I cannot give that information over the phone." Akisukuma zaidi, kata simu, hapo hujavunja heshima ya mtu yeyote. Na namba zinazotuma ujumbe wa utapeli, wa ile "tuma hela kwenye namba hii", zipelekeni 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini.

Kuagana kuwe kufupi. Sisi tuna haya, haya, sawa, asante, haya basi, na kila mmoja anaona vibaya kuwa wa kwanza kukata. Kwa Kiingereza rudia mlichokubaliana kwa sentensi moja au mbili, shukuru, sema "Goodbye", kisha umwache aliyepiga akate. Siku hiyohiyo tuma ujumbe wa maandishi wenye kiasi, bei na tarehe. Ikitokea tofauti, maandishi hayo ndiyo yatakayokutetea.

Walimu, nina neno kwenu, na nimeliweka mwisho kwa sababu ni kubwa. Watoto wetu husoma masomo ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari wanaingia kwenye Kiingereza ghafla, na mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika. Kijana anaweza kufaulu bila kuwahi kusikilizwa akizungumza, na bila kuwahi kulipima sikio lake. Halafu simu ya kwanza ya Kiingereza maishani mwake inakuwa ya usaili wa kazi. Hatumtendei haki.

Dawa haihitaji maabara wala fedha. Chukueni wanafunzi wawili, waketi wakipeana migongo ili wasionane uso wala mikono. Mmoja ni mnunuzi aliye Kampala, mwingine ni muuzaji wa maharage wa hapa. Kila mmoja apewe karatasi yenye hesabu zake, wapatane bei, kiasi, siku na saa, kisha walinganishe walichoandika. Darasa zima litaona mahali 15 ilipogeuka 50. Robo saa kwa wiki inatosha kuanzia, na Kiingereza cha mwalimu si lazima kiwe cha Uingereza ili zoezi lifae.

Viongozi wa vikundi na vyama vya ushirika, nawaomba mteue mtu mmoja wa kupokea simu za nje, mwanamke au mwanamume, mwenye utulivu na mwandiko unaosomeka. Mpeni daftari la simu la kuandika jina, namba, tarehe, saa na mliyokubaliana, na mpeni salio la kila mwezi kutoka mfuko wa kikundi. Nanyi vijana, msingoje kikundi wala mwalimu. Tafuteni mwenzenu jioni hii, geuzianeni migongo, mwanze na "This is" na jina lako.